Malalamiko Dhidi ya Shokapu Zilizokataa Kuharibika

Kambi ya Wafyatua Matofali,
Chumba cha mwisho, karibu na tangi la maji.

Kwa Mwenye Duka la Spea za Pikipiki,
ambaye pia ni Shemeji yangu.

YAH: SHOKAPU MBILI ZA NYUMA ULIZONITUMIA

Shemeji mheshimiwa,

Shikamoo, na pole na shughuli za duka. Mimi huku ni mzima. Zamani ningeandika "isipokuwa kiuno", lakini sasa hata kiuno ni kizima, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Naandika kama mteja, si kama mume wa dada yako. Mambo ya ukwe tuyaweke pembeni kwanza, ingawa najiona nitayafikia tu. Nimeandika kwa namba kwa sababu karani wa stoo yetu ameniambia malalamiko yasiyo na namba husomwa kama salamu. Shule yangu iliishia njiani, kwa hiyo ukikuta namba moja imebebeshwa mzigo kuliko wenzake, vumilia. Hata sisi huku ndivyo tunavyopangiwa kazi.

1. Shokapu hazikuharibika.

Uliponipigia simu ukasema, "Shemeji, orijino za hiyo pikipiki yako hazitengenezwi tena, hiyo ni ya enzi za babu, lakini kuna hizi za bei poa, zimekuja kwenye boksi lisilo hata na jina, wewe zijaribu tu," nilikubali upesi. Najua ulidhani nimekubali kwa sababu ya bei. Hapana. Nilikubali kwa sababu ya boksi. Mtu mzima anayefanya kazi ya saruji anakijua kitu kinachokuja kwenye boksi lisilo na jina. Toroli zetu zilikuja hivyo. Buti zetu zilikuja hivyo. Zote zilikufa kabla hatujazizoea. Nikajiambia, nitazifunga ili kumridhisha shemeji, zitapasuka kabla mwezi haujaisha, nitampigia nimwambie "unaona sasa?", na maisha yataendelea kama kawaida.

Shemeji, hazijapasuka. Nimezipitisha kwenye njia ya machimbo ya mchanga, ambako hata matrekta hupita yakilalamika. Nimezipakilia saruji. Nimeruka nazo tuta la kwenye geti bila kupunguza mwendo, kwa makusudi, mlinzi ni shahidi. Kila asubuhi nachuchumaa nyuma ya pikipiki na kupitisha kidole kutafuta mafuta yaliyovuja, na kila asubuhi kidole kinarudi kikavu. Springi bado ni nyekundu kama siku nilipozitoa kwenye karatasi. Huu si uungwana wa kibiashara. Kitu cha bei rahisi kina wajibu wake, na mteja ana haki ya kukatishwa tamaa kwa wakati.

2. Zimeharibu vitu vingine vyote.

Pikipiki hii unaikumbuka, ndiyo niliyokuja nayo kwenu kuposa, wakati huo ikiwa bado na mgongo. Shokapu za zamani zilipoanza kuvuja, nyuma ikaanza kushuka kidogo kidogo, kama mtu anayetaka kukaa chini bila kuonekana. Mimi sikulalamika. Nilirekebisha.

Taa ya mbele ilipoanza kumulika ndege kwenye nyaya za umeme, niliiinamisha. Stendi ya pembeni ilipokuwa ndefu kupita kiasi, pikipiki ikawa inasimama wima mno na kuangukia upande wa pili, niliikata. Siti ilipolalia nyuma, niliongeza sponji kwenye makalio mpaka ikawa sawa. Keria ilipokuwa inamwaga mzigo njiani, nilimwambia mchomeleaji aiinamishe ielekee mbele. Vioo navyo nikavigeuza. Ilinichukua muda mrefu, Shemeji, na akili nyingi, na mwisho wake kila kitu kwenye ile pikipiki kilikuwa kimekubaliana na ubovu. Ilikuwa mbovu iliyotulia.

Sasa zimekuja hizi zako, ndefu kidogo kuliko za zamani na ngumu kama mkwe, zikainua nyuma kwa mchana mmoja. Matokeo yake ni haya. Taa inamulika tairi langu la mbele peke yake. Alfajiri naenda kazini kama mtu aliyedondosha funguo. Stendi imekuwa fupi, pikipiki inalala ubavu kama mlevi, na ili isianguke naweka nusu tofali chini ya stendi. Hiyo nusu tofali inabidi nitembee nayo. Mtu anayefyatua matofali kutwa nzima, akitoka kazini anabeba tofali. Siti yenye sponji la nyuma inanisukuma, na kila nikishika breki nahamia kwenye tangi, na kwa mwanamume aliyeoa hilo si jambo la kuandika kwa kirefu. Mfuko wa saruji kwenye keria unaniegemea mgongoni kama abiria aliyelala. Kioo cha kulia kinanionyesha kwapa langu.

Yaani wewe umenyoosha kitu kimoja, na vingine vyote vimepinda siku hiyo hiyo.

Sitaki umlaumu fundi. Fundi wa pikipiki wa hapa tunamwita Daktari, kwa sababu anabonyeza kwanza na kuuliza baadaye. Kazi yake aliifanya sawasawa. Alipofika kwenye kile kizingo cha chini, ile pete inayokaza springi, yenye ngazi ngazi, aliinua kichwa akaniuliza, "Utakuwa unabeba mtu, au uko peke yako?" Nikamwambia niko peke yangu. Akakiacha ngazi ya chini kabisa, akasimama, akajifuta mikono. Nimelitaja hilo ili ujue kwamba vipimo vilifuatwa.

3. Zimeninyamazisha.

Shokapu za zamani zilikuwa na sauti yake. Ngwii-ko, ngwii-ko, ngwii-ko. Wewe uliziita kelele. Hapa kambini zilikuwa jina langu. Mlinzi wa geti, ambaye ni mzee na usingizi wake anauheshimu, alikuwa akinisikia tangu kwenye kona ya mnazi uliokatika, anaamka, anavaa kofia, anafungua geti, na mimi napita bila kusimama. Tulielewana hivyo bila mkataba.

Sasa nafika kimya kimya. Siku ya kwanza nilipiga honi nikiwa nimeshafika puani mwake, akaanguka na kigoda. "Unaninyatia kama mwizi!" akasema, na kwa hasira akanipekua mpaka kwenye soksi, mimi ambaye nimeingia geti lile tangu likiwa la miti. Siku ya pili meneja aliingia nyuma yangu na kumkuta akikoroma, kwa sababu sikumwamsha. Mzee wa watu amepewa onyo, na onyo hilo ni la duka lako. Aliniambia kwa uchungu, "Kijana, mimi nilikuwa nakujua kwa sauti. Sasa nitakujuaje?" Mimi mwenyewe nikiiendesha, huwa nageuka kuangalia kama bado nipo.

4. Zimenifanya mtu wa kutumwa na wa kupandwa.

Mpishi wa kambi, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu kutoka wilaya jirani, zamani alinituma kila kitu sokoni isipokuwa mayai. Alijaribu mara moja tu. Nilimletea trei likiwa limegeuka rojo, akalipokea kwa mikono miwili akasema, "Asante baba, kazi ya kuyakoroga umeshanimalizia." Hakunituma tena, na nilipumzika. Wiki iliyopita alinituma kwa bahati mbaya, kwa kuwa dereva wa lori alikuwa mgonjwa. Yalifika yote mazima. Alilifunua trei, akaligeuza huku na huku, akaniangalia mimi, akaliangalia tena. "Wewe baba," akasema, "umeokoka?" Tangu hapo ni mayai, nyanya, na juzi glasi za ofisini kwa meneja. Nimekuwa gari la vitu vinavyovunjika.

Halafu kuna jirani yangu wa kitanda, tunayemwita Bonge, na jina hilo halikumkosea. Zamani akipanda nyuma, tairi lililamba madigadi mpaka harufu ya mpira inatoka, akashuka mwenyewe bila kuambiwa. Kwa hiyo nilikuwa na pikipiki ya mtu mmoja, yenye amani. Sasa anakaa kama yuko kwenye kochi, mkono begani kwangu, anaimba nyimbo za harusi. Jana alisinzia. Nilikisikia kichwa chake mgongoni, kizito, na mate kidogo. Kizingo kiko ngazi ya chini kabisa, Shemeji, ngazi ya mtu mmoja, na bado zinambeba. Naomba unieleze ni shokapu gani hizo zisizojua mipaka yake.

5. Zimenipa likizo.

Hili ni zito, kwa hiyo kaa vizuri.

Kila msimamizi wetu alipopita na daftari akiuliza nani anakwenda likizo, mimi nilisema pikipiki yangu haiwezi ile barabara ya kwetu, nyuma imekwisha, itanilaza njiani. Akaniandika wa kubaki. Wote walinionea huruma, wakaniachia zamu zao na sabuni zao, wakaenda. Ilikuwa sababu nzuri, nzima, isiyochosha. Ukiniuliza kwa nini sikupanda basi, nitakujibu kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, maana ile pikipiki mtu akishaiona tu, au akiisikia, alikuwa anasahau kwamba duniani kuna mabasi.

Huyu msimamizi tunamwita Nusu Saa, kwa sababu kwake kila kazi ni ya nusu saa, hata ile ya kushusha lori zima. Juzi aliikuta pikipiki imeegemea kwenye nusu tofali yake. Akaizunguka. Akaikandamiza siti kwa mikono miwili, ikashuka, ikapanda, bila neno. Akaikandamiza tena, safari hii na goti. Ikashuka, ikapanda. Akaniita mbele ya watu wote waliokuwa wanachanganya zege.

"Hii ndiyo haifiki kwenu?" akaniuliza.

Nikamwambia bado naijaribu.

"Hii inafika kwenu na kurudi supu haijapoa," akasema, na watu wakacheka, Bonge zaidi ya wote. Akaandika jina langu hapo hapo, likizo kuanzia Ijumaa ijayo. Nilimwomba anipe muda nifikirie. Akasema, "Nusu saa."

Kwa hiyo duka lako, kwa boksi lisilo na jina, limeharibu mali yangu niliyoitunza kwa miaka, yaani sababu. Nyingine ya namna ile sina, na za kuunda upya sina nguvu nazo. Nikirudi jioni nina nguvu za kuvua buti moja tu, la pili huwa nalivua kesho yake.

6. Dada yako.

Nilisema ukwe tuuweke pembeni, lakini ukwe umenishinda.

Unakumbuka mara ya mwisho dada yako alipopanda ile pikipiki. Tulitoka sokoni kwenda nyumbani, akashuka amejikunja kama kiti cha kukunja, akajinyoosha taratibu akishikilia ukuta, akasema, "Mimi na hiyo pikipiki basi. Siku ikipata mgongo, niite." Nilicheka. Yeye hakucheka. Nami nikaja huku kazini na pikipiki isiyo na mgongo, nikabaki.

Sasa nashuku, Shemeji, na nakuandikia waziwazi kama mwanamume kwa mwanamume, kwamba hukuniuzia shokapu. Nashuku ulitumwa. Duka lako lina makopo, plagi, cheni na matairi ambayo ungeweza kunipigia simu kuniuzia, na hujawahi. Ghafla ukakumbuka shokapu. Na ukasisitiza za zamani nizitume kwako kwa basi, eti utatoa vyuma. Nani anahitaji vyuma vile? Ulitaka nisiwe na pa kurudi nyuma.

Na hukufikiria kwamba nyumbani nako wamesharekebisha. Mpwa wako, binti yangu, hunisimulia kwa simu, kwa furaha tu, kama mtoto anavyosimulia. Kitanda kimesogezwa kikabanwa ukutani, upande ule ule niliokuwa nikilala mimi, ili mashine ya kushonea ya dada yako ipate mwanga wa dirisha. Kwenye msumari wangu wa koti kimetundikwa kikapu cha vitunguu. Kiti changu kinakaliwa na ndoo ya maji, nayo inakiweza vizuri kuliko nilivyokiweza mimi. Lile bati nililoahidi kulipigilia amelipigilia Mama yenu mwenyewe, na halivuji. Masomo ya hesabu mtoto anafundishwa na wewe. Wanakula mapema na kufunga mlango kwa komeo la ndani, kwa sababu hakuna wa kungojwa.

Sijawalaumu. Nyuma ikishuka, kila mtu anainamisha taa yake. Wamerekebisha vizuri, na kila kitu kimetulia. Sasa niingie mimi Ijumaa, mzima, kiuno kimenyooka, nikainue kila kitu upande mmoja? Kikapu kiende wapi? Mashine iende wapi? Nitakaa juu ya ndoo?

MADAI YANGU

Kwa sababu hizo zote, nadai duka lako linitumie shokapu zangu za zamani kwa basi la kwanza, kabla ya Ijumaa. Zije kama zilivyo. Usizifute mafuta. Usizipake grisi. Kama umeshaanza kutoa springi, zirudishe mahali pake zikiwa na kutu yake. Daktari atazifunga, nyuma itashuka, taa itaona mbele, stendi itafika chini, mlinzi atasikia, Bonge atashuka, na msimamizi ataniandika wa kubaki. Hizi zako mpya mpe mtu ambaye hana pa kwenda, zitamfaa. Fedha sidai, nataka ubovu wangu tu.

Mkishindwa nitapeleka shauri hili mbele. Mbele ni wapi bado sijaulizia, lakini karani wa stoo anasema ipo.

Msalimie Mama sana, mwambie bati nimesikia habari zake na nampongeza fundi. Msalimie mkeo na wanao. Wasalimie majirani wa duka, yule kinyozi na yule anayejaza upepo. Msalimie mpwa wako, mwambie saba mara nane nimeiuliza kambi nzima na majibu bado hayajalingana, amtegemee mjomba wake. Na dada yako pia msalimie, kwa kiasi utakachoona kinafaa.

Ni mimi, mteja wako asiyeridhika,

Shemeji yako, mfyatua matofali.

NYONGEZA: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Nilipita kwa Daktari kujaza upepo kabla ya kuipeleka kwa dereva wa basi, nikaegesha kwenye nusu tofali yangu, ikapasuka katikati na pikipiki ikamwangukia mguuni. Alisema maneno ambayo karani wa stoo hajanifundisha kuyaandika. Halafu akasema, "Lete hapa nikumalizie huu upuuzi." Akachomelea kipande kwenye stendi. Taa aliiinua kwa kulegeza skrubu moja. Skrubu moja, Shemeji. Akachana siti akalitoa sponji la nyuma, akanipa nilishike. Keria aliipiga nyundo mara mbili ikakaa sawa, vioo akavigeuza kwa mkono. Yote niliyokulilia kwenye namba ya pili yaliisha kabla ya chai ya jioni, nami nimesimama pale na sponji mkononi.

Nikampigia simu dada yako. Nilimuuliza habari za kikapu cha vitunguu. Akasema, "Kikapu kina miguu? Nitakitoa. Hiyo pikipiki imepata mgongo?" Nikamwambia imepata. Akasema, "Basi si nilisema uniite?"

Kwa hiyo namba ya pili, ya tano na ya sita zifute. Ya tatu nimeimaliza na mlinzi: nikifika kwenye kona napiga honi mbili, na ameniomba ziwe ndefu. Namba ya kwanza na ya nne ziache, maana bado sijaelewa kwa nini hazivuji wala kwa nini zinambeba Bonge. Shokapu za zamani usizitume. Barua utaipokea mkononi mwangu Ijumaa jioni, ndiyo maana haina stempu. Nitakuwa na trei la mayai la Mama yenu kwenye keria. Likifika rojo, malalamiko yanabaki kama yalivyo. Ndoo muitoe kwenye kiti, ila kitanda mkiache hapo hapo ukutani, nitakisogeza mwenyewe nikiwa na mwenye mashine.

Na Daktari, kabla sijawasha, aliinama kwenye kile kizingo na spana yake akaniuliza tena kama niko peke yangu au nabeba mtu. Nikamwambia akaze mpaka juu, tuko watatu.